Nyama ya Tumboni

Asubuhi siamki kama watu wengine. Nikiwa chali nageuka kwanza ubavu wa kulia, nateremsha miguu chini, halafu nasukuma godoro kwa mkono mpaka mwili wote unyanyuke. Mume wangu amekwisha kuzoea, siku hizi hata hageuki. Wageni wakilala kwetu wakanisikia ninavyohema chumbani, kukicha wananiuliza kama nina mgongo. Mgongo sina. Nina titi.

Ni hili la kushoto. Lile nililokua nalo, lililonyonyesha watoto wanne, liliondolewa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, wakati chama chetu cha ushirika kimeshakufa na ghala lake limefungwa kufuli lenye kutu. Malori ya wafanyabiashara yalikuwa yameanza kushuka kijijini kufuata alizeti mpaka mlangoni kwa mkulima. Mume wangu alikuwa miongoni mwa waliochangamka mapema. Alinunua magunia kwa majirani, akauza kwa wenye malori, na nilipogundua uvimbe mgumu chini ya chuchu alikuwa na uwezo wa kunipeleka hospitali ya wilaya Kiomboi, na Kiomboi waliposema suala hili ni la hospitali kubwa nje ya mkoa, alinipeleka na huko. Bila ile alizeti yake ningekuwa nimezikwa zamani. Hilo nalikubali, ila nalikubali nikiwa nimekasirika.

Daktari aliyenipasua alikuwa mgeni, mmoja wa kundi lililokuja kwa muda kisha likaondoka. Aliongea kwa lugha yake, muuguzi akatafsiri, na wote wawili walikuwa wanamtazama mume wangu. Mimi nilikaa katikati yao, blauzi imefunguliwa.

"Baba," muuguzi akasema, "titi litaondoka lote. Lakini daktari anasema anaweza kumtengenezea jingine hapo hapo. Atachukua nyama ya tumboni kwake aipandishe juu."

"Nyama yake mwenyewe?"

"Yake mwenyewe. Siyo ya mtu mwingine, wala siyo plastiki."

Mume wangu akafikiri kidogo. "Litakaa siku zote?"

"Litakaa."

"Basi fanyeni, dada. Fanyeni."

Walipomaliza kuelewana nikauliza swali langu, moja tu. Nikauliza nitashika jembe lini. Muuguzi akatafsiri, sijui jembe alilitafsiri kuwa nini, daktari akatabasamu, akasema baada ya miezi michache nitarudi kwenye kazi zangu zote. Kazi zangu alizijulia wapi? Hakuuliza kama mimi ni karani, au mwalimu, au mwanamke wa Iramba anayepanda kilima na ndoo ya maji kichwani, anayetwanga, anayepasua kuni, anayepalilia tangu kunapambazuka mpaka jua limefika utosini. Aliona mwanamke akafikiria fagio na sufuria. Kila nikimkumbuka yule mtu na tabasamu lake natamani ningempa jembe langu pale pale, alipime uzito.

Na kuhusu tumbo walisema nyama tu. Nyama ya ziada, muuguzi alisema, akanibinya kiunoni kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Nilidhani ni mafuta. Nani aliyezaa mara nne atakataa kupunguziwa mafuta ya tumbo? Msuli hawakuutaja kabisa. Nilikuja kuelezwa baadaye, palizi ilipoanza kunishinda, na muuguzi wa zahanati yetu, mama mtaratibu, ambaye alinilaza kitandani akanipapasa na kunionyesha kwa kidole: hapa huwa kuna misuli miwili imesimama, kutoka mbavuni mpaka kinenani. Wewe umebaki nao mmoja, akasema, mwingine umegeuzwa kwa ndani ukapandishwa pamoja na nyama, maana ndio unaoipelekea damu. Kwa hiyo msuli niliokuwa naamkia kitandani na kuinulia ndoo ndio unaolisha titi. Nilirudi nyumbani siku hiyo bila kusalimiana na mtu njiani.

Sitasema uongo. Jumapili ya kwanza nilipovaa gauni na kwenda kanisani, kifua kimejaa pande zote mbili, nililia kwa furaha na sikuona haya. Nilikuwa mwanamke kijana bado. Titi lenyewe lilishonwa vizuri, kila aliyeliona alisema hivyo, na walioliona ni wengi, maana niliporudi wanawake walimiminika na kuku na unga wa pole, kisha kila mmoja akasubiri wenzake watoke ili aombe kulitazama. Nikawa naingia nao chumba cha ndani, nafungua kanga. Wengine walilishika. Mama mkwe wangu, nikiisha kumwamkia shikamoo, alilibonyeza kwa kidole gumba, akasema kwa Kinyiramba kwamba wazungu hao wangeweza pia kumtengenezea meno. Hakuna aliyeomba kuona walikoitoa hiyo nyama. Waliangalia juu, wakafunga kanga yangu wenyewe, wakaenda zao.

Titi hili lina tabia zake. Nikinenepa nalo linanenepa, kwa sababu halijui kama limehamishwa, linadhani bado ni tumbo. Halisikii chochote. Mwaka mmoja nilikuwa nimeinama nasonga ugali, nikasikia harufu ya nailoni inayoungua, nikawa natafuta ni mfuko gani umeingia motoni. Ni sidiria yangu ya mtumba, na chini yake ngozi, imegusa sufuria. Sikusikia joto wala uchungu, kovu lake ninalo mpaka leo. Mume wangu naye hulishika, analifurahia, anasema lina joto. Mimi naangalia makenchi ya paa. Nilimwambia kwamba sisikii kitu, akasema taratibu litazoea. Limekuwa na miaka mingi ya kuzoea.

Lakini hasira yangu haswa haikutoka huko. Ilitoka shambani, na nieleze vizuri jinsi mambo yalivyokuwa.

Nilikuwa na shamba la mtama, chini ya kilima, nililopewa na mama mkwe nilipozaa mtoto wa kwanza. Mtama wa pale niliuvuna mimi, nikautia kwenye kihenge mimi, nikitaka kuuza niliuza bila kumwuliza mtu. Katika nyumba ile kitu kingine ambacho ningeweza kukiita changu hakikuwapo. Mume wangu, alizeti ilipoanza kuwa na soko, alilitamani shamba lile kwa sababu udongo wake unashika maji. Hakulitaka kwa ubaya. Alisema tu, "Mama watoto, maadamu unaliweza liwe lako. Mwaka palizi itakapokushinda, nitaweka alizeti." Tukapatana hivyo, na mimi sikuwa na wasiwasi, kwa sababu palizi kwetu mtu hafanyi peke yake.

Wanawake wa upande wetu tulikuwa na kikundi. Wanaume wakishalima kwa plau la ng'ombe na mbegu zikaota, sisi tunashika majembe, tunakwenda shamba la huyu leo, la yule kesho, tumejipanga mstari, kila mmoja na safu yake. Mwenye shamba anapika. Aliyejifungua, aliyefiwa, aliyeumwa, huyo shamba lake linapaliliwa naye hashiki jembe, na hakuna anayemdai kitu. Sheria hiyo haikuandikwa popote na mpaka hapo sikuwa nimesikia imevunjwa. Mwaka niliopasuliwa walipalilia mtama wangu wote, nikawapikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda huku nikinyoosha mkono kama nilivyoagizwa hospitali, na nilivuna vizuri. Siku hiyo ningewapa chochote.

Mwaka uliofuata mambo yakabadilika. Kila nyumba ilikuwa imepanua shamba la alizeti kwa sababu ya malori, na kila mtu alitaka yake iwe safi mapema. Mashamba ya kupalilia yakawa mengi, siku zikawa zile zile. Watu ambao zamani walikuwa wanapiga soga mwishoni mwa safu sasa walikuwa wanatazama jua. Ikabidi kikundi kikae kuhesabu nani ana nguvu na nani hana, tukakutana uani kwa mwenyekiti wetu, mama mmoja mrefu, mkali, asiyependelea hata binti yake. Nilisema kwamba mimi bado sijapona. Nikaomba nihesabiwe upande wa wagonjwa.

"Unaumwa wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Tumbo."

Wanawake wakacheka, siyo kwa ubaya. "Mwenzetu, hapa nani tumbo halimuumi?" akasema mmoja. "Wote tumezaa."

"Kidonda cha titi lako kimefunga, hakitoi maji?" mwenyekiti akaendelea.

"Kimefunga."

"Na baba watoto wako amesema mwenyewe kwenye mashine ya kukamua mafuta, watu wote wanasikia, kwamba mke wake ametengenezwa amerudi mzima kuliko mwanzo. Sasa tumwamini nani?"

Ni kweli alisema. Alikuwa anasema kila mahali: mashineni, kilabuni, mnadani. Alijivunia titi lile kama mtu aliyelichonga kwa mikono yake. Nikanyamaza, kwa sababu ningefanya nini, nimwite mume wangu mwongo mbele ya wanawake ishirini na ushee? Hapo hapo wakapitisha kwamba mimi ni mzima. Mzima maana yake ni safu yangu, katika kila shamba, msimu wote. Asiyemaliza safu zake, kikundi hakiingii shambani kwake.

Wakati huo huo, upande wa wagonjwa, walimwacha jirani yangu. Jirani yangu huyu alikuwa mjane, naye aliwahi kukatwa titi, miaka kadhaa kabla yangu. Yeye walimkata tu na kumfunga bandeji, hakuna aliyempandishia kitu. Kifua chake upande mmoja kilikuwa bapa, alikuwa anajaza soksi kwenye sidiria, na akiinama soksi ilihamia kwapani. Kila mtu aliiona. Kwa hiyo kila mtu alijua huyu ni mgonjwa. Kumbe tumbo lake halikuguswa na mtu. Alikuwa anabeba debe la maji na mtoto wa jirani mgongoni, anapanda kilima huku anazungumza. Wakamketisha kivulini akoroge uji, akakoroga akiwa amenuna, kwa sababu alikuwa mpenda jembe kuliko sisi wote.

Hayo ndiyo yanayoniudhi mpaka leo nikiyaandika. Yule aliyeweza kupalilia alikaa kivulini kwa sababu ameonekana amepungukiwa. Mimi nisiyeweza nikapewa jembe kwa sababu kifua kimejaa. Daktari alinitengenezea kitu cha kuwadanganya watu, nikakipokea, na sasa kilikuwa kinatoa ushahidi dhidi yangu.

Nikaingia kwenye mstari. Nilijifunga kanga mbili tumboni, nimezibana mpaka pumzi inakuwa fupi. Kuinua jembe siyo shida, mkono unaweza. Shida ni kulishusha na kujivuta kwenda mbele, hapo ndipo mtu anatumia tumbo bila kujua kwamba analitumia. Kila nikivuta jani nilisikia kitu chini ya kitovu kinasukuma kutoka ndani. Wenzangu walitangulia, migongo yao ikawa midogo mbele yangu, na nyuma yao safu yangu imebaki na majani kama mstari wa nywele kwenye kichwa kilichonyolewa vibaya. Mwanamke wa safu iliyopakana na yangu alirudi akanimalizia. Siku iliyofuata akarudi tena, ila bila kusema neno. Siku nyingine hakurudi.

Nyumbani nilikuwa namwambia mume wangu. Anasema, "Pole, mama watoto. Ukizoea mwili utakaza." Hospitali ya wilaya nilikwenda, wakaniambia ukweli bila kunificha: tumbo limelegea, panapotokeza ni utumbo unasukuma, nisinyanyue kitu kizito. Nilimshukuru yule daktari kijana kwa heshima zote. Nje ya geti nikacheka peke yangu mpaka mwuza karanga akanisogelea. Nisinyanyue kitu kizito. Anitajie kitu kimoja katika maisha yangu ambacho ni chepesi.

Tukafika shamba la mwenyekiti, na zamu yangu ilikuwa inafuata. Nilijua nikishindwa pale mtama wangu hautapaliliwa, na majani yakiusonga, mume wangu ataleta ng'ombe na plau, bila ugomvi, kwa sababu ndivyo tulivyopatana. Nilipiga jembe asubuhi ile kwa hasira tupu. Nilifika karibu nusu ya safu. Kisha kitu tumboni kikasukuma kwa nguvu, nikakaa chini katikati ya mtama wa watu.

Nikasikia sauti mbele, siyo ya juu, ila upepo ulikuwa unakuja kwangu. "Amezoea vitanda vya hospitali." Mwingine akajibu, "Mwache, tajiri wa alizeti."

Nikasimama. Sijui nilisimama vipi, maana kwa kawaida nahitaji kushika kitu. Nikafungua kanga ya kwanza nikaitupa, nikafungua ya pili, nikapandisha blauzi na kushusha sketi mpaka mahali ambapo mtu mzima hashushi mbele ya wenzake mchana.

"Njooni," nikasema. "Titi mlikuja kuliona wote. Njooni muone na hapa."

Wakaja polepole, majembe mikononi. Kovu langu linatoka nyonga moja mpaka nyonga ya pili, limepita chini ya kitovu, na kitovu chenyewe kimeshonwa upya mahali ambapo hakikuwa. Nikakohoa. Chini ya kitovu kikatokeza kitu cha ukubwa wa bakuli la mboga. Nikaacha, kikarudi. Nikakohoa tena kikatokeza tena. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasogea, akaweka kiganja chake chenye udongo juu ya tumbo langu, akasubiri nikohoe, kikamsukuma mkono.

"Hiki ni nini?"

"Ni matumbo yangu. Ukuta uliokuwa unayazuia wameupeleka kifuani. Hili titi mnaloliona ni tumbo."

Mwenyekiti hakuondoa mkono. "Sisi tulijua umeongezewa," akasema. "Hatukujua umepunguziwa."

"Mtasemaje hamkujua, na nilisema?" nikamjibu. "Nilisema uani kwako tumbo linauma, mkacheka. Mume wangu akasema mashineni mimi mzima, mkaamini. Yeye ndiye mwenye tumbo?" Na mengine nikasema, mabaya zaidi, ambayo siyaandiki. Nilimtaja daktari, na muuguzi, na malori, na mama zao. Nilikuwa nalia na kutukana kwa pamoja, blauzi imepanda juu, na ilinipendeza kuwaona wanatazama chini.

Jirani yangu mjane alikuwa ameacha uji wake motoni na kuja. Hakusema pole. Aliokota jembe langu, akalipima mkononi, akatema mate viganjani.

"Wewe ni mgonjwa," mwenyekiti akamwambia.

"Tumbo langu zima," akasema. "Nimechoka kukaa." Akaingia kwenye safu yangu pale nilipoachia, soksi ikamhamia kwapani, akaitoa akaitupa kwenye mtama, na kabla uji haujaungua alikuwa amewapita wote.

Tangu siku ile alipalilia kwa jina langu. Mwenyekiti aliruhusu, na siku ya zamu yangu kikundi kizima kiliingia shambani kwangu kikaacha mtama umesimama kwenye udongo mweusi safi. Lakini mwenyekiti ni mtu wa haki, na kwa mashamba yalivyokuwa mengi hakutaka mtu ale bure. Kukoroga uji nisingeweza kwa sababu ya kuinua chungu cha kikundi kizima. Wakatafuta kazi isiyo na tumbo, wakaipata: mtama ukianza kukomaa nitaamia ndege, kwa mashamba yote ya kikundi yaliyokuwa bondeni.

Kuamia ndege ni kazi ya watoto na vikongwe. Unakaa juu ya dungu, jukwaa la miti, unagonga bati, unachomeka donge la udongo mbichi kwenye ncha ya fimbo na kulirusha kwenye kundi la kwelea kwelea likishuka. Nilikuwa sijaitwa bibi na mtu yeyote. Wenzangu walipita chini na majembe begani, wanataniana, mimi nipo juu na bati. Nilipata nilichokitaka, shamba likabaki langu, na nilikasirika vile vile. Nadhani watu wanaosema kwamba ukipata unachotaka unatulia hawajawahi kukipata kwa njia ile.

Siku moja, mtama umeshaanza kuwa mwekundu, mume wangu alikuja njia ya bondeni na mfanyabiashara wa lori, wanasukuma baiskeli, wanakwenda kuona alizeti. Alikuwa amevaa shati jeupe alilonunua mnadani kwa ajili ya mgeni huyo. Walisimama kando kidogo ya dungu, hawakujua sauti inapanda.

"Yule pale juu mke wangu," akasema. "Alikatwa titi yule. Wakamtengenezea jingine, nyama yake mwenyewe. Sasa hivi mzima kuliko mwanzo."

"Siwezi kuamini," mfanyabiashara akasema, akaniangalia kifua.

Donge lilikuwa tayari kwenye fimbo. Lilikuwa la ndege. Nikalirusha, likampiga mume wangu juu ya mfuko wa shati, likasambaa. Mfanyabiashara akarudi nyuma na baiskeli yake.

"Umenipiga, mama watoto," mume wangu akasema. Alikuwa ameshangaa kuliko kuumia.

"Nimekupiga."

"Nimesema ubaya gani?"

"Umesema mimi mzima. Neno hilo ndilo lililonitia kwenye mstari wa palizi. Kwa neno hilo, ilibaki kidogo shamba liote majani na wewe ulilime." Sauti yangu ilikuwa inapanda, na tumbo halipendi nikipaza sauti, nikalishika kwa mkono mmoja. "Mtu akikuuliza habari za mwili wangu usijibu. Hata kama ni daktari. Mlete kwangu."

Akajifuta, udongo ukazidi kuenea. Mgeni wake alikuwa amegeuka anaangalia alizeti kwa mbali kama mtu aliyeipenda sana. "Mimi nilitaka tu urudi ulivyokuwa," mume wangu akasema.

"Najua," nikamwambia. "Sikurudi."

Kwelea kwelea walikuwa wameshuka upande wa pili wa shamba, nikageuka nikagonga bati. Nilipotazama tena chini walikuwa wameondoka, na jioni nilikuta shati limelowekwa kwenye beseni. Alilifua mwenyewe.

Sijamsamehe yote, naye anajua. Lakini tangu hapo hajasema tena kwamba mimi ni mzima. Jirani yangu mjane bado anapalilia, amezeeka, anapita vijana. Kikundi kimebadilika, wengi wanakodi trekta, ila mtama wangu upo. Na wanakuja watu. Mwanamke akiambiwa na madaktari kwamba titi litaondoka na jingine laweza kutengenezwa, kuna atakayemwambia nenda kwa yule mama, na wengine wanatoka mbali, Nduguti na kwingine, mara nyingi na waume zao. Mume wangu anawapokea, anawapa maji, anasema, "Mwenyewe yupo ndani."

Mume wa mtu namwambia asubiri uani. Mwanamke naingia naye chumbani, nafunga mlango. Simshauri akubali wala akatae. Wapo waliokubali baada ya kuniona, na wanafanya kazi za mezani huko mjini, hawajambo. Wapo waliokataa, wanajaza soksi na kulima. Mimi nafungua kanga tu. Kwanza namwonyesha tumbo, nakohoa alione. Titi namwonyesha mwisho, kama bado analitaka.